Kocha wa ulinzi ni kazi ya maisha? Jibu kwa mama wa Columbus

Swali: Kocha, salaam. Tunaishi Columbus, Ohio, mwaka wa tisa sasa. Kwetu ni Kigoma. Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza ile futiboli yao ya kofia ngumu. Goti limeshafanyiwa upasuaji, na walimu wake wamesema waziwazi kwamba chuoni hatacheza. Nilidhani yamekwisha. Sasa anasema anataka kuwa kocha, tena si kocha mkuu, kocha wa ulinzi. Baba yake anacheka, anauliza ni mtu gani anayeota kuwa msaidizi. Mimi nilizoea mpira wa Simba na Yanga, huu siuelewi. Hiyo ni kazi kweli? Mtu anaanzia wapi, anaishia wapi?

Jibu: Dada, salaam. Ngoja nianze na jirani yako. Ukitoka Columbus kwa gari kuelekea kusini-magharibi, kama kilomita 40 hivi, utafika mji mdogo unaoitwa London. Si ule wa Waingereza. Hapo ndipo alipozaliwa Dick LeBeau, Septemba 1937, na chuo alichosoma ni hicho hicho Ohio State ambacho sina shaka kijana wako ana fulana yake. Aliingia NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, mwaka 1959 akiwa mchezaji, akatoka mwisho wa msimu wa 2017 akiwa kocha wa miaka 80. Misimu 59 mfululizo, bila kukosa hata mmoja. Kati ya hiyo, 14 alicheza na 45 alifundisha, na katika hiyo 45 alikuwa kocha mkuu kwa muda usiotimia misimu mitatu. Mwambie baba yake kwamba mtu anayemuuliza yupo, na alikulia mwendo wa nusu saa kutoka kwenu.

Sasa kazi yenyewe, maana kwenye mpira wetu haina ndugu. Simba wakiingia uwanjani, wale wale 11 wanashambulia na wale wale wanalinda. Kwenye futiboli ya Marekani timu ina vikosi viwili ambavyo havichezi pamoja: kimoja cha kushambulia, kimoja cha kulinda. Mpira ukihamia kwa wapinzani, kikosi kizima kinatoka na kingine kinaingia. Kwa hiyo kila kikosi kina mkuu wake. Mkuu wa walinzi huitwa mratibu wa ulinzi, na chini yake kuna makocha wadogo: wa wakabaji wazito wa mstari wa mbele, wa malainibeka wanaosimama nyuma yao, na wa mabeki wanaokimbizana na wapokea pasi. Kijana akisema kocha wa ulinzi, anaweza kuwa na maana ya yeyote kati ya hao.

Mchezo unakwenda vipande vipande. Washambuliaji wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Wakifaulu wanapewa manne mengine. Kati ya kipande na kipande kuna sekunde 40 tu. Ndani ya sekunde hizo mratibu anatazama nani ameingia upande wa pili, zimebaki yadi ngapi, anachagua mpango mmoja kati ya mingi aliyowafundisha vijana wake, na kuutamka kwenye redio. Tangu 2008 NFL imeruhusu mlinzi mmoja awe na spika ndani ya kofia. Utamtambua kwa kibandiko cha kijani mgongoni mwa kofia yake. Sekunde zikibaki 15 redio inakatwa. Kuanzia hapo kocha ni mtazamaji kama wewe uliyekaa sebuleni.

Hiyo ndiyo sehemu inayoonekana kwenye televisheni, na ni ndogo. Mimi nimekuwa msaidizi wa kocha wa mabeki kwenye shule ya sekondari kwa misimu sita, na muda niliosimama uwanjani haufiki robo ya muda niliokaa mbele ya kompyuta, nikirudisha nyuma kipande kimoja cha sekunde saba mpaka macho yanauma. Unatafuta nini? Vitu vidogo mno. Mkabaji wa upande wa pili akiinama na kukandamiza vidole chini mpaka vinabadilika rangi, ana uwezekano mkubwa wa kusukuma mbele, yaani mpira utakimbizwa. Mkono wake ukiwa mwepesi, uzito ameuacha nyuma kwenye visigino, basi itakuwa pasi. Kijana anayependa kukaa na jambo la namna hiyo saa tatu usiku bila mtu kumwona, huyo ana dalili ya ugonjwa wenyewe. Anayependa kelele za uwanjani atafute kazi nyingine.

Nirudi kwa LeBeau. Cleveland Browns walimchagua 1959 kisha wakamwacha kabla msimu haujaanza. Detroit Lions wakamwokota, akawachezea beki wa pembeni miaka 14 na kunasa pasi 62 za wapinzani, idadi iliyozidiwa na watu wawili tu katika historia ya ligi siku alipostaafu. Ungedhani mtu kama huyo angepewa timu mara moja. Kazi yake ya kwanza ya ukocha, Philadelphia mwaka 1973, ilikuwa kufundisha vikosi vya mateke, wale wanaoingia mpira unapopigwa kwa mguu na kutoka. Akaenda Green Bay kufundisha mabeki, kisha Cincinnati mwaka 1980, mabeki tena. Ulinzi wote alikabidhiwa 1984. Miaka 11 ya kungoja, na huyo alikuwa na jina tayari.

Huko Cincinnati ndipo lilipozaliwa jambo ambalo kila mpenzi wa mchezo huu analitaja pamoja na jina lake, na nitalieleza polepole, kwa sababu ukilielewa hili utaelewa kwa nini mwanao haoti kuwa kocha mkuu.

Miaka ile Bill Walsh, kocha mkuu wa San Francisco, alikuwa anawatesa walinzi wa ligi nzima kwa pasi fupi za haraka. Kwotabeki, yule anayerusha mpira, hakushika mpira muda mrefu. Kabla hujamfikia ulikuwa umeshaondoka. Dawa ya zamani ilikuwa blitsi: unatuma watu sita au saba wamvamie kwa pamoja. Lakini ukituma saba umebaki na wanne nyuma, kila mmoja peke yake na mtu wake. Beki mmoja akiteleza, ni goli. Mratibu wa ulinzi alikuwa na mawili ya kuchagua: asimsumbue kwotabeki afe polepole, au amvamie afe mara moja.

LeBeau alitaka kumsumbua bila kujiweka wazi. Mbegu ilikuwepo tayari: Bill Arnsparger, aliyepika ulinzi wa Miami Dolphins wa miaka ya 1970, alikuwa ameshajaribu kuwarudisha nyuma wakabaji wazito, na LeBeau alikwenda kumsikiliza. Alichofanya yeye ni kuujenga mtindo mzima. Wewe umetoka ziwani, unawajua wavuvi wanaopiga maji upande mmoja ili samaki wakimbilie upande wenye nyavu. Ndivyo ilivyokuwa. Lainibeka na beki mmoja wanavamia kutoka kulia. Kwotabeki anawaona, na tangu utotoni amefundishwa kwamba anapotoka mvamizi ndipo palipobaki wazi, basi anarusha pale haraka. Pale sasa amesimama jitu la kilo 120 na zaidi, mkabaji wa mstari wa mbele ambaye kazi yake ya kila siku ni kusukumana, lakini safari hii amerudi nyuma kimyakimya hatua tano na anangoja mpira. Ukihesabu, wavamizi ni watano tu, watatu wanalinda eneo la karibu, watatu eneo la mbali. Hakuna aliyeachwa peke yake. Kwotabeki anaapa kwamba amevamiwa na watu wanane.

Wanaiita blitsi ya maeneo. Leo hakuna timu isiyo nayo.

Nakiri kwamba haikumpa kombe wakati ule. Januari 1989 Cincinnati walikutana na Walsh huyo huyo kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Ulinzi wa LeBeau uliwabana San Francisco mpaka robo ya mwisho, na beki wake mmoja aliupata mpira wa kunasa kabisa, ukamponyoka mikononi. Kipande kilichofuata wapinzani walifunga. Kisha kwotabeki wao, Joe Montana, akaanza safari ya yadi 92 iliyomalizika zikiwa zimebaki sekunde 34. Matokeo 20 kwa 16. Mpango ulikuwa sahihi, mkono haukushika. Kila kocha wa ulinzi ana usiku wa namna hiyo, na wengi wana zaidi ya mmoja.

Miaka mitatu baadaye kocha mkuu wa Cincinnati aliondolewa, na LeBeau akapoteza kazi pamoja naye. LeBeau alikuwa na miaka 54, amekuwa mratibu misimu minane, na kazi aliyopata Pittsburgh mwaka 1992 ilikuwa ya kufundisha mabeki, cheo alichokuwa nacho miaka 12 nyuma. Alikwenda. Naomba baba yake alisikie hili vizuri, maana ndipo kazi hii inapotofautiana na ile ya benki au ya serikali: haipandi tu. Unaweza kushushwa ngazi bila kukosea chochote, kwa sababu aliyekuajiri amefukuzwa. Pittsburgh walikuwa na vijana wa kuvamia, mtindo wake ukashika moto, mwaka 1995 akapewa ulinzi wote na kufika Super Bowl tena, akapoteza tena, safari hii kwa Dallas.

Hatimaye akapata kile ambacho baba wa kijana anakiona ndicho cha maana. Mwaka 2000 Cincinnati, alikokuwa amerudi, kocha mkuu aliachia ngazi baada ya mechi tatu na LeBeau akapewa timu. Alishinda 12, akapoteza 33. Msimu wake wa mwisho ulikuwa wa ushindi mara 2 na vipigo 14. Akafukuzwa.

Watu husema walinzi wazuri hawawezi kuongoza. Siamini hivyo. Bill Belichick alitoka kwenye ulinzi, akashindwa Cleveland alipokuwa kocha mkuu, akabeba Super Bowl sita New England. Cincinnati ya miaka ile ilikuwa dhaifu kila upande na sijui nani angeiponya. Lakini naamini pia kwamba kocha mkuu ni kazi ya aina nyingine: wamiliki, waandishi wa habari, mikataba, nani afukuzwe. Ukimtoa fundi cherehani kwenye mashine yake ukampa kusimamia kiwanda, usishangae nguo zikipinda. Steve Spagnuolo, kocha mwingine wa ulinzi, aliongoza timu ya Rams akashinda 10 na kupoteza 38. Aliporudi kuwa mratibu, Kansas City, alibeba Super Bowl tatu.

LeBeau naye alirudi kwenye mashine yake. Baada ya mwaka mmoja Buffalo kama msaidizi, Pittsburgh wakamwita 2004. Alikuwa na miaka 66, umri ambao kwetu mtu ameshakabidhi shamba kwa watoto. Miaka iliyofuata ndiyo bora ya maisha yake. Februari 2006 alishinda Super Bowl kwa mara ya kwanza, na mechi ilichezwa Detroit, mji aliouchezea miaka 14 bila kombe. Msimu wa 2008 ulinzi wake ulikuwa wa kwanza katika ligi nzima kwa kuruhusu pointi chache, wastani wa 13.9 kwa mechi, na wa kwanza kwa yadi pia.

Fainali ya msimu huo, Februari 2009 dhidi ya Arizona, ina kipande ambacho nawaonyesha vijana wangu kila mwaka. Sekunde 18 kabla ya mapumziko, Pittsburgh wako mbele 10 kwa 7, Arizona wako yadi moja kutoka kwenye mstari wa kufunga. LeBeau akaita uvamizi wa nguvu. Lainibeka James Harrison alitakiwa aende mbele. Hakwenda. Alikisia kwamba pasi itakuwa fupi na ya haraka, akapiga hatua kama anayevamia, akarudi kujificha nyuma ya migongo ya wenzake, akaunasa mpira na kukimbia nao yadi 100 mpaka upande wa pili. Badala ya kuwa nyuma, wakaenda mapumziko na 17 kwa 7. Wakashinda 27 kwa 23.

Kipande maarufu kuliko vyote vya ulinzi wa LeBeau ni kile ambacho mchezaji wake hakufuata agizo. Wapo wanaolitumia kumpunguzia mzee sifa. Mimi naona kinyume: Harrison alijificha mahali ambapo mtindo wa LeBeau ulikuwa umewafundisha walinzi kujificha kwa miaka 20 na zaidi. Alikuwa ameelewa somo kuliko karatasi ya siku ile. (Nafasi hiyo ya Harrison, lainibeka wa nje, ndiyo aliyopewa Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga moja kwa moja na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Nguvu na mbio alikuwa nazo. Huko kujua lini uende na lini urudi, watu hukutumia ujana mzima.)

Kuna jambo jingine la Pittsburgh ambalo wewe utalielewa kuliko Wamarekani wenyewe. Mwaka 2007 timu ilimwajiri kocha mkuu mpya, Mike Tomlin, kijana wa miaka 34 aliyelelewa kwenye mtindo tofauti kabisa wa ulinzi. LeBeau alikuwa na 69. Ada ya huko ni kwamba bosi mpya anakuja na watu wake. Tomlin alimwacha mzee kwenye kiti chake na mtindo wake, na mzee akafanya kazi chini ya mtu wa umri wa mwanawe kwa misimu minane. Wachezaji walimwita Kocha Baba. Hakuwa mtu wa kufoka wala kutukana, na kila ilipokaribia Krismasi aliwakusanya majitu yale na kuwasomea kwa kichwa shairi refu la watoto la sikukuu hiyo, mwanzo hadi mwisho, nao wakakaa kimya. Mwaka 2010 aliingizwa kwenye Jumba la Heshima la futiboli huko Canton, Ohio, kwa miaka yake ya kucheza. Kwa ukocha wake hawakuwa na mlango wa kumpitishia, jambo ambalo mimi naliona ni aibu kwa jumba, si kwake.

Usiogope kwamba kijana hatacheza chuoni. Vic Fangio, kocha wa ulinzi mwenye jina kubwa, hakuwahi kucheza NFL. Alianza 1979 kwa kufundisha malainibeka kwenye shule yake ya zamani ya sekondari, Dunmore, Pennsylvania. Timu ya kwanza ya NFL ilimwajiri 1986, alikuwa mratibu wa timu nyingi kabla ya kupewa ukocha mkuu, Denver, akiwa na miaka 60. Huko alidumu misimu mitatu. Februari 2025, akiwa mratibu wa Philadelphia, aliwazuia Kansas City kwenye Super Bowl bila kutuma blitsi hata moja, na kwotabeki wao, Patrick Mahomes, akaangushwa mara sita.

Sasa ya nyumbani. Pesa za mwanzo ni kidogo sana. Belichick mwenyewe alianza Baltimore mwaka 1975 kwa dola 25 kwa wiki. Wengi wa makocha wa sekondari ni walimu wanaoongezewa kiasi fulani, kwa hiyo shahada itakayompa darasa la kufundisha si kitu cha kupuuza, na kwa maoni yangu ndiyo bima nzuri kuliko zote. Njia ya kawaida ni hii: akifika chuoni aende kwenye ofisi ya timu kabla masomo hayajaanza, aombe kazi yoyote, hata ya kubeba mipira na kukata video. Akimaliza shahada ya kwanza, vyuo vingi huchukua wasaidizi wanaosoma shahada ya pili huku wakifanya kazi na makocha. Hapo ndipo mlango wa kweli. Baadaye kuna mpango wa NFL wa tangu 1987 unaowapa makocha kutoka makundi ya wachache nafasi ya kufanya kazi kwenye kambi za mazoezi. Unaitwa kwa jina la Bill Walsh, yule yule aliyemnyima LeBeau usingizi.

Familia pia ijiandae. Fangio ameishi miji isiyopungua kumi. Kuanzia Agosti hadi Januari mke wa kocha ni kama mke wa baharia, na watoto hubadilisha shule baba akifukuzwa. Mkwe wako wa baadaye aambiwe mapema.

Kwa sasa, kabla hamjaamua lolote, fanyeni hivi Jumapili moja msimu ukianza. Mketi watatu mbele ya mechi. Wachezaji wakishajipanga na mpira haujatoka, baba yake asimamishe picha, kijana aseme nani atavamia, nani atarudi nyuma, na amejuaje. Asimuulize alipatia au alikosa. Amuulize hilo la tatu, kisha aachie picha iendelee.